Tukue Inaomba Ruhusa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Sasa hivi Luhende amesimama! Peke yake! Alikuwa ameshika mdomo wa ndoo, akaachia mkono mmoja, akanitazama kama mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni, akaachia na wa pili. Akasimama. Mimi na mwiko wangu, sipumui. Halafu — pwaa! — akakaa kwenye maji niliyoyamwaga mwenyewe. Hakulia. Aliyapiga kwa viganja, akasema "ta, ta, ta".

Nimemkausha, sasa yuko mgongoni ananivuta nywele huku naandika.

Nilitaka kumwambia mtu! Mashimba yuko zamu kiwandani, simu haziingii mle. Nikamwambia Sada wa chumba cha pili. Sada akacheka, akasema Doro, mambo hayo watu wanayaweka kwenye apu, wewe bado unaandika kwa peni kama karani. Anayo moja ya mtoto wake. Inaitwa Tukue. Unaandika meno, uzito, hatua, inakutolea picha yenye maua. Na ni ya Kiswahili kitupu.

Nikaipakua. Ikataka barua pepe. Sina. Chini yake pameandikwa: Au ingia kwa akaunti yako ya mtandaoni. Yaani ileile ninayowekea picha za maandazi yangu ya kuuza. Sada akasema bonyeza hapo shosti, ndiyo njia ya mkato. Nikabonyeza. Ikafunguka.

Halafu ikaanza kuomba. Tukue inaomba ruhusa kuona jina na picha yako. Ruhusu. Inaomba ruhusa kuona marafiki zako. Ruhusu. Inaomba kuona majina kwenye simu yako. Hapo nilisita, nikabonyeza Usiruhusu. Ikarudi: Bila ruhusa hii hatutaweza kukusaidia vizuri, mama. Nikaona aibu. Nimelelewa hivyo — mtu akipiga hodi kwa adabu, anakuita mama, unamfungiaje mlango? Nikaruhusu. Ya mwisho ilikuwa kutuma ujumbe kwa niaba yako. Nikamuuliza Sada, kwa niaba yangu ndiyo vipi? Akasema aa, lugha za mtandao tu hizo. Luhende alikuwa anadai ziwa. Nikaruhusu na hiyo.

Nikaandika: Luhende amesimama. Yakamwagika maua kwenye kioo. Hongera Mama Luhende!

Nimefurahi kama mjinga.


Jumanne, 10 Juni

Leo nimejaza ya nyuma. Jino la kwanza. Siku aliyotambaa kurudi nyuma kama kaa, mpaka akaingia uvunguni. Uji wa dagaa alioukataa, halafu akaupenda.

Ikauliza: Mtoto anatumia dawa yoyote?

Nilikaa na swali hilo nikiwa nimeegemea jiwe la kuanikia nguo, nyuma ya nyumba, mpaka nguo zikaanza kukauka.

Wanaojua ni watatu. Mimi, Mashimba, na Sista Winnie wa kliniki. Tulipimwa pamoja mimba ikiwa changa, majibu yetu yakafanana — sote tuna virusi. Siku ile Mashimba alinishika mkono kutoka getini mpaka barabarani. Hajawahi kunishika mkono mbele za watu, kabla wala baada. Alisema neno moja tu. Mama asijue. Mama yake, wa Kisesa. Hatukuulizana nani alianza. Tunakunywa vidonge vyetu pamoja baada ya chakula, kila mtu na kikombe chake, na Luhende anakunywa septrini yake asubuhi.

Pembeni ya swali palikuwa na kufuli dogo la njano, limeandikwa Siri ya Mama. Nikaamini kufuli. Nikaandika septrini, kila siku, saa mbili asubuhi. Ikauliza ya nini. Ikatoa majibu ya kuchagua, na moja lilikuwa letu kabisa: Kinga, mama anaishi na VVU. Wameliweka tu, bila kunong'ona, kati ya mafua na minyoo. Mara ya kwanza naliona neno hilo na halinitishi. Kumbe tuko wengi mpaka tumewekewa mahali petu!

Nikachagua. Nikahisi kama nimetua mzigo.


Jumatano, 11 Juni

Asubuhi simu imelia kama ndege. Muda wa septrini! Luhende anaiitikia, ta ta ta.

Mchana ikaniletea mpya: Tumepata ndugu 43 wa Luhende! Nimecheka mpaka Sada akatoka nje kuuliza. Mimi ndugu arobaini nimewatoa wapi?

Kisha nikaelewa. Kwenye simu yangu hakuna aliyenizidi umri mwenye jina tupu. Nani anaandika jina tupu la mtu mzima? Mwenye nyumba wetu ni Mama Nurudin. Muuza mkaa ni Baba Chenge. Sista Winnie nimemwandika Shangazi Winnie, ili wifi yangu Dorcas akishika simu asiulize maswali. Mama mkwe ndiyo kabisa, kwetu mkwe hatajwi jina, ni Mama Kisesa. Basi apu imewazoa akina mama wote, akina baba wote, mashangazi na mawifi, imesema ni damu ya mwanangu. Baba Chenge na mkaa wake, babu yake Luhende!

Chini pameandikwa: Wakaribishe? Mikono ilikuwa na unga. Nikabonyeza Sawa kwa kifundo cha kidole. Nitawapunguza nikipata nafasi.


Alhamisi, 12 Juni

Kliniki. Kipimo cha miezi tisa. Wamemtoboa kidole gumba cha mguu, matone yakadondoshewa kwenye karatasi. Alilia kwa hasira, si kwa maumivu — alimkunjia Sista Winnie uso kama mzee aliyedhulumiwa mpaka wa shamba. Sista akamwambia nisamehe bwana mkubwa, kazi ndiyo hii.

Cha wiki sita kilikuwa safi. Hiki majibu ni baada ya wiki kadhaa. Sista anasema mimi natumia vizuri, virusi vyangu kwenye kipimo hata havionekani, kwa hiyo Luhende ana nafasi kubwa. Niendelee kumnyonyesha, niendelee na dawa, nisiruke hata siku moja.

Nafasi kubwa! Nimerudi nimekiandika kipimo kwenye Tukue, kisha nimempikia Mashimba sato. Mzima, na kichwa.


Jumapili, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Tumetoka kanisani, Mashimba akapitiliza kwenda zamu. Karibu na nyumbani nikamkuta Baba Chenge anapakua magunia. Akaniita kwa mbali. Mjukuu wangu amesimama! Nikasema shikamoo baba, nani amekwambia? Akasema marahaba, si wewe mwenyewe umenitumia ujumbe? Ila simu yangu ni kitochi, nimesoma mwanzo tu, herufi ndogo kama sisimizi, mengine nimemwachia mwanangu. Akacheka. Nikacheka na mimi.

Mama Nurudin alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake. Hakujibu shikamoo yangu kama siku zote kwa kelele. Akasema ingia mwanangu, funga mlango.

Akanipa simu yake. Huu hapa, naunakili kama ulivyokuwa, maana kichwani haunitoki:

WIKI YA LUHENDE! Shikamoo Mama Nurudin! Wiki hii nimesimama peke yangu! Meno yangu ni mawili. Septrini nimekunywa kila siku. Ni kinga kwa sababu mama yangu anaishi na VVU. Alhamisi nilipimwa, niombee majibu mema! Bonyeza hapa unipongeze.

Na picha yake, ile ya akaunti yangu, anacheka na mate yanamtoka.

Namba ni yangu. Umetoka kwangu. Na umesema kwa mdomo wa Luhende! Mtoto anayejua ta ta ta, wamempa maneno hayo.

Mama Nurudin akanivua mtoto mgongoni kwa sababu mimi nilikuwa nakwenda chini. Akasema sikulaumu mwanangu, na hilo neno halitatoka kwenye chumba hiki. Halafu akauliza polepole, nani mwingine ametumiwa?

Ndugu arobaini na tatu.

Mama Kisesa yumo.


Jumatatu, 16 Juni

Jana hapohapo nilifuta apu. Nikafikiri nimeifukuza.

Leo asubuhi hakuna ndege aliyelia, nikasema afadhali. Kumbe kwenye akaunti yangu, chini ya picha za maandazi, pametokea: Luhende asisahau septrini leo! Na maua. Mtu alikuwa ameshauliza, septrini ya kila siku? Mtoto ana nini?

Nimemgongea Sada. Alikuwa hajui, yeye nimemwandika Sada tu, kwa vile ni rika langu, hakuhesabiwa ndugu. Nimemwonyesha. Akasoma. Akakaa kitandani, akashika kichwa. Akasema Doro, mimi ndiye niliyekwambia bonyeza. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Akasema hata hivyo mimi na wewe chungu kimoja, sikuachi, tukaanza kutafuta.

Tumezunguka kwenye mipangilio mpaka bando likaisha, akaweka lake. Kufuta kwenye simu haitoshi. Inakuwa umemtoa mgeni sebuleni na ufunguo amebaki nao. Kuna mahali ndani kabisa ya akaunti pameandikwa Programu Zilizounganishwa. Tukue ilikuwepo. Na ilikuwepo moja ya kubashiri bahati yako, ya zamani, kabla sijaolewa! Miaka yote hiyo imekaa inanitazama.

Nikabonyeza Ondoa. Ikauliza, una uhakika? Kuingia haikuniuliza nina uhakika.

Ikatoka. Chini yake pakabaki: Tukue inaweza kubaki na taarifa ulizokwisha kuipa.

Sada akasema basi, si imetoka? Nikasema ndiyo, imetoka.

Mashimba alirudi alasiri. Na yeye alitumiwa, nimemwandika Baba Luhende. Ameupata ujumbe kama shemeji zake na muuza mkaa. Nilifikiri atanipiga, ingawa hajawahi. Aliketi kwenye ndoo, akausoma tena mbele yangu, midomo inacheza. Nikamwambia yote, kufuli la njano, ruhusa, unga mikononi. Nikalia. Nikasema nimetutangaza, Baba Luhende, nisamehe, nimetutangaza sote.

Akasoma mara nyingine. Akasema, taratibu kabisa:

"Mimi sijatajwa."

Sikuelewa mara moja. Nilifikiri ananifariji.


Jumanne, 17 Juni

Dorcas amepiga. Yeye ndiye anayemsomea mama jumbe zote.

Hakusalimu. Wifi, kumbe ndiyo maana kaka yangu amekonda! Nikasema wifi, nisikilize. Akasema nikusikilize nini, mtoto mwenyewe ameshasema. Tulikuona mpole, mwenye mikono ya maandazi, kumbe umetuletea moto kwenye nguo. Ulikuwa unampa mama chai kwa kikombe gani? Nikamwambia haiambukizi kwa kikombe, wifi. Akasema aa, umeshakuwa daktari sasa.

Nyuma yake nilimsikia mama. Hakuwa anagomba. Alikuwa analia na kuita, ng'wanawane, ng'wanawane, yaani mwanangu. Sijui alikuwa anamwita nani, Mashimba au Luhende.

Dorcas akasema wanakuja Jumamosi na baba mdogo Ngosha. Kutakuwa na kikao. Mtoto hawezi kukaa mahali pa namna hiyo, ng'ombe walikwenda kwenu, mtoto ni wa kwetu. Mama atamwachisha ziwa na kumpa maziwa ya ng'ombe na dawa za kwao za kumsafisha damu.

Nikasema ana dawa yake! Simu ilikuwa imekatwa.

Luhende amesimama tena leo. Mara mbili. Sikuandika popote ila hapa.


Jumatano, 18 Juni

Maandazi yamebaki. Yote.

Wanapita. Wale wa kila siku, wa kiwandani, wanasalimia wakitazama upande wa pili, kama mtu anayepita msibani kwa mtu asiyemjua. Mmoja alisimama, akaanza kutoa pesa, mwenzake akamvuta shati.

Nilikuwa nafunika beseni nirudi ndani. Mama Nurudin akatoka. Amejifunga khanga yake nzuri, ya kuendea shughuli. Akaja mpaka mezani kwangu, akasema kwa sauti ya mtaa mzima nipe mawili, ya chini, yenye joto. Akayala palepale. Amesimama barabarani. Taratibu, anatafuna, anawatazama wanaopita mmoja mmoja. Alipomaliza akalamba vidole. Akasema leo umezidisha iliki, Mama Luhende. Akarudi ndani.

Sikuzidisha iliki.


Ijumaa, 20 Juni

Sista Winnie alinipigia. Na yeye aliupata ule ujumbe, si yumo kwenye mashangazi. Alikuwa na hasira lakini si kwangu. Akaniuliza kwanza mtoto amekunywa dawa? Amekunywa. Wewe? Nimekunywa. Akasema mtu akikwambia umwachishe ziwa ghafla, kataa. Na asiachishwe dawa, hata kwa siku mbili, na asipewe vitu vya mizizi. Majibu yake hayajarudi, huu si wakati wa kubahatisha.

Nikamwomba aje Jumamosi azungumze na wakwe zangu, yeye ana maneno, mimi elimu yangu imeishia kidato cha pili.

Akasema nitakuja, Dorotea, ukiniruhusu. Lakini sikiliza vizuri ninachokuomba. Nitasema habari zako na za mtoto tu, yale utakayoniambia niseme. Ukibadili mawazo hata nikiwa mlangoni, nitageuka. Na ya Mashimba siwezi kuyagusa. Wakiniuliza mbele yake nitasema muulizeni mwenyewe. Ya mtu ni ya mtu.

Nikasema nimekuelewa. Akasema hapana, niambie umeelewa nini. Nikamwelezea. Ndipo akasema haya, fikiria kwanza.

Hivyo ndivyo kumbe ruhusa inavyoombwa.

Jioni nikamwambia Mashimba. Alikuwa ananoa panga ambalo halina kazi. Akasema huyo nesi asikanyage hapa, akija watu wataanza kuhesabu. Kuhesabu nini? Akasema mama ana presha, Mama Luhende. Mimi ni mwanawe wa kiume wa pekee. Akisikia na mimi, tutazika. Nikasema na akimchukua Luhende? Akasema ni kwa muda tu, mpaka wapoe. Nikasema dawa? Akasema si utampa Dorcas. Dorcas anayeogopa kikombe!

Nikamshika mkono. Nikasema Baba Luhende, sikuombi uniseme vizuri. Nakuomba useme neno moja tu, kwamba tuko wawili. Wakijua tuko wawili hawatasema nimeleta moto. Watakaa chini watasikiliza habari za dawa. Hukumu hiyo mimi peke yangu siiwezi, tukigawana tutaiweza.

Akasema nitaona.

Nilipofika kwenye kuandaa vikombe, chake akakirudisha rafuni. Nikauliza. Akasema hajavinywa tangu Jumatatu. Amevipeleka kazini kwenye kabati lake, mama asije akavikuta. Mama akirudi Kisesa, yeye ataanza tena.

Siku zote hizi nimekuwa nakunywa peke yangu na sikutazama.


Jumamosi, 21 Juni

Wamefika. Naandika huku nyuma, kwenye jiwe, Luhende amelala miguuni pangu, nimemfunika kitenge. Wameniambia nisubiri nje na mtoto mpaka niitwe. Dirisha la chumba halina kioo, wavu tu. Nasikia.

Mama alipoingia alimchukua Luhende kabla ya kunisalimia. Alimnusa kichwa, utosini, muda mrefu. Halafu akalia. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba. Sauti ilikuwa imechoka, haikuwa mbaya. Ningependa ingekuwa mbaya. Dorcas amekuja na maji yake kwenye chupa.

Sista Winnie nilimwambia asije. Nilimwambia Mashimba amekataa. Akasema sawa, ila simu yangu iko wazi.

Baba mdogo Ngosha ndiye anayeongoza. Anasema kwa utaratibu, kama mzee wa baraza, kwamba hakuna aliyekuja kugombana. Anasema wao si washamba, wanajua siku hizi watu wanaishi nalo. Shida si ugonjwa, anasema, shida ni kufichwa. Mwanamke ameficha ndani ya nyumba ya watu, akaenda kuutangazia mji mzima kwenye simu, wakwe ndio wa mwisho kuambiwa. Dorcas akasema si wa mwisho baba, tuliambiwa pamoja na muuza mkaa! Mmoja akacheka, akaacha.

Mama anasema jambo moja tu, analirudia. Mjukuu wangu. Mjukuu wangu nitampeleka.

Nimepanga nitakachosema. Kwanza dawa, saa mbili asubuhi, kwa kipimo chake, si kwa kijiko cha chai. Pili asiachishwe ziwa. Tatu wakimchukua, na mimi nichukuliwe, hata jikoni nitalala. Nne majibu yanakuja, wasubiri majibu. Nayasoma kwa midomo kama mtoto wa komunyo.

Sasa ni zamu ya Mashimba.

Baba mdogo amemwuliza Mashimba. "Na wewe, kijana wangu? Ulipimwa?"

Luhende anapumua. Kuna mtu anasogeza kiti.

Mashimba amesema amepimwa. Amesema yuko salama.

Nimesikia vizuri. "Niko salama, baba." Na mama akasema Mungu ashukuriwe, akasema hivyo mara nyingi, na mikono inapigwa mapajani. Dorcas anasema si nilisema!

Nimemvuta Luhende karibu.

Naweza kuwaambia. Kadi yake najua ilipo. Naweza kumtaja Sista Winnie, naweza kutaja siku tuliyopimwa, naweza kusema nendeni kiwandani mkafungue kabati lake. Maneno machache tu, na uzito wote huu hautakuwa wangu. Labda Luhende atabaki. Labda hata Mashimba atarudi kwenye vidonge vyake, maana akiendelea hivi nitamzika mimi, si mama yake.

Lakini ya mtu ni ya mtu. Nikiisema mbele ya ndugu zake bila yeye kuniruhusu, nitakuwa nimemfanyia kile nilichofanyiwa na Tukue. Najua kinavyouma. Nimekipata Jumapili kwenye chumba cha Mama Nurudin.

Na nikinyamaza, mtoto ataondoka bila ziwa langu.

Mama mwenyewe amekuja kwenye mlango wa nyuma. Macho mekundu. Hajagomba. Anasema nimvalishe Luhende sweta, Kisesa jioni kuna upepo. Anasema nilete na dawa yake, nimwonyeshe Dorcas inavyopimwa. Ana mikono imenyooshwa tayari.

Nimesema nakuja, mama. Nampa titi kwanza, ameamka.

Anaita tena. Nitaingia naye mwenyewe, simtoi mkononi. Nitamtazama Mashimba usoni, nitampa nafasi moja ya kusema mwenyewe, kwa mdomo wake, na asiposema — haya, mlango unafunguliwa, naacha hapa.